Marehemu Huita Siku Ninazotoka

Jumatano, 18 Februari

Daftari hili Sabika, mke wangu, alilinunua la mapishi. Akaandika ukurasa mmoja wa kababu, akachoka, nami nimelirithi. Kesho tunaanza kufunga. Kila Ramadhani naapa kuandika habari za mwezi mzima, na kila Ramadhani naishia siku ya tatu. Mtu wa miaka hamsini na minne alitakiwa awe ameshajizoea.

Leo nimemaliza kuwagawia wazee wetu visanduku. Ni kumi na kimoja, kila kimoja ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Ndani mna kompyuta ndogo inayotumia mfumo wa Linux, spika, na sauti ya marehemu Hussainali, aliyekuwa mwadhini wetu. Ikifika alfajiri, adhuhuri na magharibi, mara tatu kwa desturi ya msikiti wetu, kinaadhini chenyewe. Kanda ilirekodiwa msikitini Tanga, miaka thelathini na kitu iliyopita: kwanza anakohoa mara moja, nyuma yake kunguru wanagombana, ndipo anaita. Nilitaka kukata kile kikohozi, wazee wakanijia juu. Mchana natunza kompyuta za ghala moja huku ughaibuni, hapa Downsview, kwa hiyo wazee wananiita "injinia". Sijawahi kuwasahihisha.

Cha mwisho nimempelekea Daulat Masi, mtaa wa Parkdale, ghorofa ya tisa. Rafiki wa mama kwetu huitwa Masi hata kama hamna tone la damu. Yeye ndiye mjane wa Hussainali. Tulikaa tukangoja magharibi. Kisanduku kikakohoa, kikaita. Masi akageuka kutazama mlango. Kisanduku hakukitazama kabisa.

"Sauti yake ilikuwa nene zaidi," akasema baadaye. "Hiki chako kimemkondesha."

Alhamisi, 19 Februari

Kufunga mosi. Kichwa kinagonga kwa kukosa chai. Sijamwambia mtu, maana kila mtu cha kwake kinagonga.

Jumapili, 22 Februari

Masi kapiga simu. "Akbar mwanangu, jana baba yenu Hussainali kaadhini saa kumi na nusu. Halafu magharibi akaadhini tena."

"Labda ulisinzia, Masi. Ukaota."

"Nikaota na samosa mkononi? Nilikuwa nakunja samosa."

Nikacheka, na yeye akacheka. Nikamwambia nitakitazama. Sikukitazama.

Jumanne, 24 Februari

Leo si siku ya mstari mmoja.

Saa kumi na mbili kasorobo nikiwa bado kazini, Wajiha kanipigia. Wajiha ni binti yake Masi, yuko Brampton, mji wa jirani, mtu wa ratiba, mwenye huruma na haraka kwa kipimo kile kile. Kaja hapa mdogo: Kiswahili anakisikia vizuri, kujibu anajibu Kiingereza, na akikasirika anachanganya. Leo alichanganya. Mama yake kafungua kabla ya wakati.

Nilipofika Parkdale futari ilikuwa mezani haijaguswa, isipokuwa kokwa tatu za tende kwenye kisosi. Nje theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi, na mbingu ilikuwa na rangi moja kutwa nzima.

"Kaadhini," Masi akasema. "Saa kumi na moja na dakika tano. Kakohoa, kunguru wakalia, kaadhini mpaka mwisho. Nje kulikuwa kweusi. Nikala."

"Mama, magharibi ilikuwa bado zaidi ya saa nzima."

"Najua sasa, Wajiha. Sasa najua."

Wote wawili wakanitazama mimi, injinia. Kisanduku kina daftari lake, kinaandika kila kinapoadhini. Nikafungua laptopu nikalisoma kwa sauti. Adhuhuri: saa sita na dakika thelathini na mbili. Magharibi: saa kumi na mbili na dakika kumi. Katikati hamna kitu. Jana vile vile, juzi vile vile.

"Mashine haikukosea," nikasema.

Lo, jinsi nilivyolisema! Kama hakimu aliyekula vizuri. Masi aliziokota zile kokwa, moja moja, akaenda kuzitupa.

Mlangoni Wajiha kaniteremshia sauti. Mwezi uliopita mama kaacha ufunguo nje kwenye kitasa. Juzi kamwita mjukuu kwa jina la mjomba wake. Na sasa anamsikia marehemu. Baada ya Iddi atamhamishia kwake, chumba cha chini. Barua ya kuachia flati keshaichapa, na mama keshaitia sahihi sasa hivi, wakati nikiwa naokota waya wangu sakafuni.

Miaka ishirini na miwili Masi yuko humo. Msikitini anafuatwa, sokoni anakwenda kwa miguu, duka la dawa liko chini. Brampton bila gari, wakati wa theluji, ni kama kuwekwa kabatini. Na flati za namna ile, za kodi ndogo ya zamani, ukishaiachia moja, huipati tena maishani.

Alhamisi, 26 Februari

Theluji. Nimeteleza mbele ya basi zima. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumamosi, 28 Februari

Masi kanipigia mwenyewe, sauti ya chini, kama mtu anayesema na benki.

"Nimemchunguza. Huita siku ninazotoka. Nikishinda ndani, hana neno. Nikienda sokoni, nikienda kwa daktari, jioni lazima aite vibaya. Hussainali hakupenda nitoke Ramadhani. Alikuwa akisema, mwezi huu nyumba isibaki peke yake."

Nilimwambia apumzike. Sabika alikuwa akisikiliza.

"Wewe umekwenda kukaa naye ukasikiliza mwenyewe?"

"Daftari la mashine…"

"Sikukuuliza habari za daftari."

Jumapili, 1 Machi

Nimekwenda kukaa. Tangu saa nne asubuhi mpaka futari. Masi alivaa vizuri kwa ajili yangu, hakutoka hata kwenye korido. Tulikaa sebuleni tukikitazama kisanduku kama watu wanaongoja mchumba aseme. Adhuhuri barabara. Magharibi barabara, hata sekunde. Kati yake, kimya.

Masi alifungua kwa maji, akasema, "Leo ana mgeni."

Usoni mwake niliona kitu ambacho sikukipenda: alikuwa ameanza kukubaliana nasi.

Nikamwambia Wajiha kwenye simu kwamba nimekaa siku nzima na hakuna kitu. Nilimwambia kwa upole. Upole wangu huo utaniuliza siku ya kiama.

Jumanne, 3 Machi

Tui la nazi limeganda garini. Sabika kalivunja kwa nyundo.

Alhamisi, 5 Machi

Leo pia si siku ya mstari mmoja.

Masi hajanipigia tangu Jumapili. Leo nikampigia mimi kutoka kazini, saa kumi na moja kasoro kidogo.

"Hujambo Masi? Vipi habari ya kile kisanduku?"

"Sijambo. Sisikii kitu siku hizi." Alisema hivyo kama mtu anayesoma fomu.

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu. Nilikuwa nikisinzia tu. Mwambie Wajiha."

Na hapo, ndani ya simu, nyuma yake, mtu akakohoa. Mara moja. Kunguru wakaanza. Hussainali akaita, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili.

Nikasema, "Masi, ni nani huyo?"

"Redio," akasema upesi. "Ni redio, mwanangu." Akakata.

Jua lilikuwa lipo dirishani kwangu. Vile visanduku navifikia kwa intaneti, basi nikaufungua ukurasa wa daftari lake pale pale, kabla adhana haijamalizika. Adhuhuri: saa sita na dakika ishirini na tisa. Baada ya hapo hamna kitu. Nikausoma upya, nikaufunga, nikaufungua tena. Mashine ilikuwa inaita, na mashine ilikuwa inaniapia kwamba imenyamaza.

Ningempigia Wajiha dakika ile ile. Nilishika simu. Halafu nikajiuliza nitamwambia nini: kwamba sasa tuko wawili? Nikaiweka mfukoni. Nimejifunza leo kwamba mwanamke wa miaka sabini na minane anaweza kudanganya ili aonekane mzima, na mimi naweza kunyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Ijumaa, 6 Machi

Sijampigia.

Jumapili, 8 Machi

Leo, kama serikali ya huku inavyotaka kila Machi, saa zimesogezwa mbele saa nzima. Mji mzima umekubaliana kudanganya, na hakuna anayepelekwa Brampton.

Jumatatu, 9 Machi

Wajiha ananiuliza kama nitaweza kusaidia kubeba kabati baada ya Iddi. Nimesema ndiyo. Barua ataipeleka ofisi ya jengo Jumatatu ijayo.

Jumatano, 11 Machi

Mvua ya barafu tangu alfajiri. Miti ya barabara yetu imevikwa kioo. Nimebaki nyumbani nikifanya kazi kwa simu, na saa tatu na nusu umeme ukakatika. Ukarudi saa saba na dakika arobaini. Kisanduku changu mwenyewe, cha kumi na mbili, kiko juu ya friji. Kikawaka taa yake ya kijani, nami nikakisahau.

Sabika alikuwa kazini. Saa kumi na mbili kasoro dakika tisa, jua la jioni limepiga barafu yote ya nje, jikoni kumejaa mwanga wa ajabu usiokuwa na joto. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nyuma ya kichwa changu mtu akakohoa.

Sitaandika kwamba nilikuwa shujaa. Nilisema "Ndiyo, mzee," kwa sauti, kama mtoto aliyekutwa akiiba. Kunguru wa Tanga wakagombana juu ya friji yangu. Hussainali akaadhini adhana nzima, bila kukosea neno, saa moja na nusu kabla ya wakati wake, na mimi nilisimama na kisu mpaka mwisho, maana sikujua kama inafaa kumkatiza.

Kisha nikafungua daftari lake. Lilikuwa limeandika: Adhuhuri, saa saba na dakika ishirini na nane.

Saa saba na dakika ishirini na nane nyumba hii haikuwa na umeme. Kisanduku kilikuwa kimekufa. Na kimeandika, kwa mwandiko safi, kwamba kilikuwa macho, kikaadhini kwa wakati.

Nikakaa sakafuni. Kidogo kidogo hofu ikaondoka, kikaingia kitu kibaya zaidi: nikaelewa.

Kompyuta ya kawaida ina betri ndogo inayohesabu saa hata ikizimwa. Hizi hazina. Kila baada ya saa moja zinaandika mahali saa ilipofikia. Zikizimwa ghafla, zikiwashwa zinaanzia pale pale, kama mtu aliyepepesa jicho. Muda wa giza kwao haukuwepo. Baada ya kama nusu dakika intaneti inapatikana, na saa inasahihishwa. Ila skripti yangu, ile orodha ya amri ya kuadhini, niliipanga iamke mwanzo kabisa, kabla ya intaneti. Kwa kiburi tu: adhana isichelewe kwa sababu ya injinia Aliakbar.

Basi leo imeamka ikaona ni saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi. Ikapiga hesabu: adhuhuri bado saa nne na dakika kumi na moja. Ikalala muda huo. Saa ikasahihishwa juu ya kichwa chake, yenyewe usingizini. Ikaamka, ikaadhini adhuhuri jioni, na ikaandika daftarini si saa ya kweli bali saa niliyoipangia mimi. Halafu ikatazama saa upya, ikajiweka sawa, na magharibi ikaadhini barabara. Inakosea mara moja tu kila ikiwashwa, kisha inajiponya. Anayekuja kuchunguza anakuta shwari, na anamwambia mjane kwamba mashine haikukosea.

Jambo moja sijalielewa. Parkdale umeme haujakatika mwezi huu hata mara moja. Nimeuliza.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekwenda asubuhi bila kupiga simu. Masi alikuwa na koti na kofia tayari, anaelekea kwa daktari wa macho.

"Ningoje, nakuja," akasema. Akaenda jikoni, akachomoa birika. Akachomoa tosta. Akapita sebuleni, akachomoa taa ya kusimama, kisha akainama, polepole kwa ajili ya goti, akachomoa kisanduku.

"Masi, unafanya nini?"

"Natoka."

"Ndiyo. Lakini unachomoa."

Akanitazama kama anayetafuta homa usoni mwangu. "Sasa niuache umeme ndani ya nyumba peke yake? Ukikatika ukarudi na ghadhabu? Umesahau friji ya mama yako?"

Sijasahau friji ya mama yangu. Tanga, umeme ulirudi na nguvu, friji ikatoa moshi, na tangu siku hiyo hakuna aliyetoka nyumba ile bila kuzunguka na kuzima ukutani. Hakuna mama wa kwetu asiyezunguka. Mimi mwenyewe nilizunguka mpaka lini? Sikumbuki nilipoacha. Nilitengeneza mashine kwa ajili ya wazee wa Tanga, nikaitengeneza kana kwamba watu wa kuitumia walizaliwa hapa.

"Na ile siku niliyokuja kukaa hukuchomoa."

"Nichomoe mgeni yupo?"

Nikamkalisha, na koti lake, nikamweleza yote. Sikutumia neno gumu. Nilimwambia: kikichomolewa, kinadhani hakuna wakati uliopita. Kikirudi kinaendelea na asubuhi yake, kinaadhini mchana wake jioni yako. Na kosa ni langu, nilikipanga vibaya.

Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba.

"Kwa hiyo aliita."

"Aliita."

"Na ile siku ya simu ulimsikia."

Ningeweza kusema sikusikia. "Nilimsikia, Masi."

"Wiki nzima." Hakupandisha sauti. "Wiki nzima umejua, ukaniacha nijifundishe kusema sisikii."

Nikauokota waya wa kisanduku sakafuni.

"Mwite Wajiha," akasema. "Na daktari wa macho mwambie nitakwenda kesho. Leo nimeona vya kutosha."

Ijumaa, 13 Machi

Wajiha alikuja na ile barua mkobani. Nikamwonyesha. Nikachomoa, nikachomeka baada ya saa mbili, nikaifanya adhana ya karibu ije haraka ili tusingoje jioni. Hussainali akakohoa mahali asipotakiwa. Wajiha alishika ukuta. Kisha nikamwonyesha daftari likikana.

Alisema neno kwa Kiingereza. Akasimama, akalitafuta upya, neno moja moja, kama mtu anayevuka barafu: "Mama. Nisamehe. Mimi niliamini kitabu cha mashine."

"Nimekusamehe," Masi akasema. "Lakini niambie. Ufunguo niliuacha mlangoni kweli. Kosa hilo ni langu, na yatakuja mengine. Siku nitakayokosea kweli, utakuja kukaa nami, au utafungua tena laptopu ya Akbar?"

Hakutupa nafasi ya kujibu vizuri. Alileta karatasi na kalamu, akaziweka mbele yangu.

"Andika. Kwa mkono wako. Mashine imeandika uongo juu yangu na mmeusoma wote. Na wewe andika."

Niliandika: *Mimi Aliakbar, siku ya tarehe 24 Februari nilisema Daulat hakusikia adhana. Alisikia. Aliyekosea ni mimi.* Akaisoma kwa miwani, akaniambia niongeze tarehe ya leo. Kisha akanyoosha mkono kwa Wajiha, akapewa barua ya flati, akaichana mara nne, akamrudishia vipande.

Kabati halibebwi. Mgongo wangu nao umeshukuru.

Jumapili, 15 Machi

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Sasa skripti inangoja: saa isahihishwe kwanza, ndipo iamke. Na daftari linaandika saa ya kweli. Nimepita nyumba zote kwa gari, maana jambo hili sikutaka kulifanya kwa mbali.

Naandika hili polepole. Kati ya wazee kumi na mmoja, ukimtoa Masi, saba huchomoa. Saba wote walikuwa wamemsikia Hussainali akiita saa zisizo zake. Mmoja alidhani anaitwa yeye, keshaagana na ndugu zake Moshi kwa simu. Mwingine alikuwa anasali adhuhuri mara mbili, tahadhari. Hakuna hata mmoja aliyesema. Nikawauliza kwa nini.

"Tulisikia yaliyompata Daulat," wakasema.

Watu saba, katika majumba saba, mwezi mzima, wakiisikia sauti ya maiti na kuendelea kukunja samosa.

Jumanne, 17 Machi

Kikohozi. Cha kwangu. Sabika karuka.

Alhamisi, 19 Machi

Kufunga ishirini na tisa. Huenda ndiyo ya mwisho. Masi kaniita. Asubuhi alikwenda kununua vitu vya Iddi, akazunguka akachomoa kila kitu, akarudi akachomeka. Alitaka tujaribu pamoja. Wajiha naye alikuja, kaketi kwenye zulia, hakugusa simu.

Tulipiga hesabu: kama ingekuwa zamani, angeita saa kumi na moja na robo. Tukakaa. Saa kumi na moja. Na dakika tano. Na dakika kumi. Nje jua lilikuwa juu ya ziwa lionekanalo dirishani, na barafu ya ukingoni ilikuwa inavunjika. Hata huku ghorofa ya tisa iliweza kusikika. Sikujua kama nilikuwa nangoja isilie au ilie.

Robo ikafika. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Hakuna kitu. Ikapita.

"Imepona, Masi," nikasema.

Yeye alikuwa ametazama mlango. Akaendelea kuutazama, dakika nzima, mbili, mpaka Wajiha akasogea akamshika mguu.

"Mama? Unasikia nini?"

"Hakuna," akasema Masi. "Mwezi mzima sikuogopa hata siku moja, mnajua? Sasa ndiyo naogopa: nyumba imebaki peke yake."

Hatukuinuka. Tulikaa naye hapo mpaka magharibi.